Mila za Watu Zisiwe Mtego: Wosia kwa Mjukuu Askari

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia kwamba umechaguliwa kuingia kitengo cha habari, na kwamba kazi yako itakuwa kumshauri kamanda juu ya watu wa mahali mtakapopelekwa: lugha yao, dini yao, wazee wao ni akina nani, wanaheshimu nini na wanachukizwa na nini. Nimefurahi sana. Jeshi lisilo na mtu wa kazi hiyo huumiza watu ambao halikukusudia kuwaumiza, tena huwageuza kuwa maadui kabla halijajua limewakosea nini. Lakini furaha yangu ina hofu ndani yake, na kwa umri nilio nao sina uhakika kama nitakuwapo ukirudi. Ndiyo maana nakuandikia leo. Wasomee na wenzako mliochaguliwa pamoja, maana nao ni wajukuu zangu.

Mtaambiwa kwamba kazi yenu ni kumshinda adui bila risasi, kwa vipeperushi, redio, vipaza sauti, na siku hizi kwa simu na mitandao ya kijamii. Sikatai. Ila mimi nasema kazi yenu ya kwanza iko upande wetu wenyewe. Wewe ndiye utakayemweleza kamanda jambo asilopenda kulisikia kuhusu watu anaowatazama kwa darubini. Ukinyamaza hapo, kila utakachokitunga baadaye kitakuwa cha kupamba kosa.

Tazama mambo mawili yaliyotokea Afghanistan. Agosti 2007, katika mkoa wa Khost, helikopta za Wamarekani zilidondosha mipira ya kuchezea watoto. Nia ilikuwa njema. Mipira hiyo ilichorwa bendera za mataifa mbalimbali, na mojawapo ilikuwa bendera ya Saudi Arabia, ambayo imeandikwa shahada. Jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake likawa kwenye kitu cha kupigwa teke. Watu wakaandamana, wanajeshi wakasema wanasikitika. Ungedhani wamejifunza. Septemba 2017, katika mkoa wa Parwan, vikadondoshwa vipeperushi vyenye picha ya simba akimfukuza mbwa. Mwilini mwa mbwa waliweka bendera ya Taliban, na bendera hiyo nayo ina shahada. Maneno matakatifu juu ya mnyama ambaye Waislamu humhesabu najisi! Jenerali James Linder akaomba radhi hadharani, lakini karatasi zilikuwa zimeshaokotwa.

Mtoto yeyote wa madrasa angeliona kosa lile kabla karatasi haijaingia mashineni. Wala usidhani hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Kambi zile zilijaa wakalimani wa Kiafghani. Naamini ama hawakuulizwa, ama waliulizwa kazi ikiwa imekwisha kuchapwa, ama walishazoea kwamba mkubwa hakatizwi. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuusia ni hili: dai kuonyeshwa rasimu, si nakala iliyokamilika. Mshauri anayeitwa dakika ya mwisho huwa ameitwa kuweka sahihi tu.

Sisi wenyewe tulilijua jambo hili kwa miguu yetu. Mwaka 1979, sisi askari wa Tanzania tulipokuwa tumevuka mpaka wa Mutukula tukielekea Kampala, tuliingia nchi ya Waganda tukizungumza Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, ya mapenzi. Kule kilikuwa lugha ya kambi. Tangu enzi ya Waingereza kilisikika zaidi kwa askari na polisi, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Watu wakazidi kukisikia midomoni mwa waliokuja usiku kuchukua waume zao. Halafu tukafika sisi na bunduki, kwa lugha ileile. Tulikuja kumwondoa Amin, lakini mtu aliyejificha nyuma ya migomba haoni nia yako moyoni, anasikia sauti yako tu.

Kulikuwa na kizuizi chetu kwenye barabara itokayo Masaka. Asubuhi moja akaja mama wa makamo, amebeba kikapu cha mihogo, amevaa busuti iliyopauka. Kijana wetu mmoja akamwita kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya gwaride. Mama akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Kijana akadhani anaomba asiuawe, akaona aibu, akaanza kumfokea asimame. Kadiri alivyofoka ndivyo mama alivyozidi kuinama. Mimi ni Mhaya, na mama zetu nao hupiga magoti wakimwamkia mtu. Nilijua kwamba yule mama alianza kwa heshima kabla ya kuishia kwenye hofu. Nikamsogelea, nikachuchumaa usawa wake, nikamwamkia kwa Kiganda changu cha kuokoteza. Akanijibu, akaniuliza nimeamkaje, nikamjibu, akauliza na wa nyumbani, nikamjibu, mpaka salamu zikaisha kama desturi inavyotaka. Ndipo akainuka na kukung'uta magoti.

Jioni nilimweleza mkuu wa kombania. Alikuwa mtu wa kusikia, Mungu amrehemu. Kuanzia kesho yake mbele ya vizuizi vyetu walisimama vijana wa Bukoba na Waganda waliokuwa wakipigana pamoja nasi, na amri ikatoka kwamba mtutu uelekee chini mpaka salamu iishe. Baada ya muda watu wale wale waliokuwa wakitukimbia wakawa wanatuonyesha njia waliyopita askari wa Amin. Walituita wakombozi. Hakuna kipeperushi hata kimoja kilichohusika hapo. Lakini nikueleze na upande wa pili, maana hutaambiwa na wengi: Masaka na Mbarara tulikuwa tumeziacha magofu kwa mizinga na baruti, kulipiza yaliyofanywa na askari wa Amin kwetu Kagera. Salamu zangu za Kiganda hazikuwajengea watu wa Masaka nyumba zao. Ujuzi wa mila hauwezi kusafisha kitendo kichafu, na wewe usikubali kutumwa ukasafishe.

Sasa tukae kidogo Kenya. Makosa ya Khost yanasikitisha, lakini ya Kenya ndiyo yanayoninyima usingizi, kwa sababu huko Waingereza hawakuwa wajinga. Mjinga akikosea, mjuzi humsahihisha. Mjuzi akiamua kupotea, nani atamsahihisha?

Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza. Alikua na watoto wa Kikuyu, akaongea lugha yao tangu utotoni, akapitishwa jandoni na rika lake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wazee wa Kikuyu walikaa naye muda mrefu wakimsimulia mambo yao: ardhi inarithiwaje, ndoa inafungwaje, kiapo kinaliwaje, tambiko linafanywaje. Mzee hamfungulii mtu mambo hayo kwa sababu ana kalamu. Humfungulia kwa sababu anamwona ni mtoto wa nyumbani.

Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Mtoto yule wa nyumbani akawa mshauri wa serikali ya kikoloni. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake kule Kapenguria, mpaka wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alipopinga tafsiri yake, naye akajiondoa. Akaandika vitabu viwili, mwaka 1952 na 1954, kueleza Mau Mau ni kitu gani na itashindwaje. Serikali nayo ikaendesha matambiko ya kuwavua watu kiapo cha Mau Mau, ikiajiri waganga na kutumia vitu vya Wakikuyu wenyewe, likiwamo jiwe la githathi, ambalo mtu akiapa uongo juu yake huamini kwamba kifo kitamfuata yeye na jamaa yake. Fikiria jambo hilo, mjukuu wangu. Kitu ambacho wazee walikiweka ili watu wa ukoo mmoja wasidanganyane, kinaletwa uwanjani chini ya ulinzi wa bunduki, na asiyetaka kukigusa anajulikana kwa sura.

Sisemi kwamba Leakey aliwachukia Wakikuyu. Naamini aliwapenda kwa namna yake, na tena aliandika kwamba wana malalamiko ya haki juu ya ardhi. Hapo ndipo pa kuangalia. Serikali iliyomsikiliza ilichukua habari za kiapo na kuzifanyia kazi kwa nguvu zote, ila Nyanda za Juu za Wazungu ikaziacha mikononi mwa Wazungu. Mwaka 1954 ikapokea ripoti nyingine, ya daktari wa magonjwa ya akili J. C. Carothers, iliyosema kwa lugha ya kitaalamu kwamba uasi ule ni matokeo ya akili zilizovurugwa na mabadiliko. Akashauri pia watu wakusanywe vijijini. Zaidi ya watu milioni 1 wakahamishwa na kuwekwa katika vijiji vya kulindwa. Mtu aliyenyang'anywa shamba akaambiwa anaumwa! Mwenye madaraka akiwa na hamu ya kusikia kwamba shida iko kichwani mwa watu na wala haiko mikononi mwake, atampata mtaalamu wa kumwambia hivyo. Wewe usiwe huyo mtaalamu.

Kisha yupo Ian Henderson. Huyu alikulia huko Nyeri na alisema Kikuyu kama aliyezaliwa nacho, akawa polisi wa idara ya upelelezi. Januari 1954 Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alijeruhiwa na kukamatwa. Henderson akakaa naye saa nyingi wakizungumza. Itote alihukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa, akakubali kusaidia kuwafikia wenzake walioko msituni. Mazungumzo ya kusalimu amri yakaanza. Ilikuwa nafasi ya kweli ya kupunguza vifo, na ilipatikana kwa sababu watu wawili walielewana kwa lugha moja. Aprili, wanajeshi wa serikali wakawashambulia wapiganaji, imani ikavunjika, mazungumzo yakafa. Ukisoma habari za vita vya Mau Mau, soma hapo mara mbili: aliyejenga njia na aliyeivunja walivaa kofia ya serikali moja.

Baada ya hapo ujuzi ukageuzwa. Wapiganaji waliokamatwa au kujisalimisha walirudishwa msituni, nywele zao zikiwa bado ndefu, na ngozi zao za wanyama mwilini. Wakaingia kwa wenzao wa jana kama ndugu na kutoka kama wauaji. Walijua ishara, walijua miluzi, walijua namna ya kukaa mbele ya kiongozi. Henderson alijua pia kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikuwa mtu wa kusali, na kwamba Wakikuyu husali chini ya mti wa mugumo. Basi watu wake wakaitafuta migumo ya msitu wa Aberdare na kuvizia chini yake. Hakuna aliyemzulia jambo hilo. Habari za msako ule alizieleza mwenyewe kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1958.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na aliyempiga risasi alikuwa polisi wa kikabila aliyekuwa akilinda ukingoni mwa msitu. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Mkufunzi wako atakuambia kwamba kazi ile ilifaulu, na kwa kipimo cha kijeshi atakuwa anasema kweli. Frank Kitson, mmoja wa maofisa walioanzisha vikundi bandia vile, aliandika vitabu ambavyo maofisa wamevisoma kizazi baada ya kizazi. Mwambie mkufunzi aendelee kuhesabu. Miaka 7 baada ya Kimathi kunyongwa, bendera ya Uingereza ilikuwa imeshushwa. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisimama bungeni kueleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati ule, na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa madai ya wazee 5,228. Vipeperushi vyote vilivyomwagwa juu ya misitu ile, na ndege zote zilizopita zikipaza sauti angani, havikumfanya mjukuu wa mpiganaji hata mmoja amwone babu yake kama mgonjwa wa akili.

Kuna hasara nyingine ambayo haiwekwi kwenye vitabu vya kijeshi. Mzee akishajua kwamba habari za mti wa sala ziliishia kwa mvizia, hatamweleza tena mgeni yeyote mahali anapoomba. Atamnyima mgeni mwema pamoja na mwovu, atamnyima daktari, mwalimu, mwanahistoria, na mwisho atawanyima hata vijana wake, kwa sababu hajui nani analipwa. Wamarekani walipoanzisha mwaka 2007 mpango wao wa kupeleka wasomi wa jamii pamoja na vikosi Iraki na Afghanistan, chama chao cha wanaanthropolojia kiliukataa mwaka huohuo. Hoja yao kubwa ilikuwa hiyo: mwanakijiji anayehojiwa na msomi aliyezungukwa na askari hawezi kukataa kwa uhuru, na yale anayoyasema yanaweza kutumika kuchagua nani apigwe. Mpango ulifungwa mwaka 2014. Wasomi 3 walipoteza maisha ndani yake, na mimi sina shaka kwamba walikwenda wakitaka kupunguza vifo. Nia njema haikutosha kuwalinda, wala haikuwalinda waliohojiwa.

Usije ukaona nakukataza kazi. Iko iliyofanywa vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ruth Benedict alifanya kazi katika ofisi ya habari za vita ya Marekani akichunguza Japani, nchi ambayo hakuwahi kuitia mguu. Alisoma riwaya, akatazama filamu, akazungumza na Wajapani waliokuwa wakiishi Marekani. Yeye na wenzake, chini ya Alexander Leighton, walishikilia kwamba Mfalme asitukanwe kwenye vipeperushi na redio, kwa sababu askari wa Japani wangeweza kuweka silaha chini kwa neno lake na si la mtu mwingine. Wengi walitaka atukanwe. Tarehe 15 Agosti 1945 Mfalme akazungumza redioni, na askari waliokuwa tayari kufa hadi wa mwisho wakatii. Watu wale waliheshimu kitu kitakatifu cha adui kwa sababu walikielewa, na heshima hiyo ikaokoa roho za pande mbili. Lakini nao hawakusikilizwa kwa yote. Walikuwa wameripoti kwamba moyo wa Wajapani unavunjika, mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yakadondoshwa vilevile. Leighton aliandika baadaye kwa uchungu juu ya namna wakubwa wanavyochagua katika utafiti kile kinachokubaliana na walichokwisha kuamua.

Na sasa Arusha, hapa nyumbani. Ile mahakama ya kimataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimpandisha kizimbani mtu aitwaye Ferdinand Nahimana. Hakuwa askari wala jambazi wa mtaani. Alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu, mtu aliyejua tawala za zamani za Rwanda, koo zake na masimulizi yake kuliko wengi wa rika lake. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyoanza kutangaza Julai 1993. Waulize waliokuwapo, watakuambia redio ile ilipendeza. Ilikuwa na muziki mzuri, ilikuwa na mzaha, watangazaji wake walizungumza kama vijana waliokaa baa, na mmoja wao, Kantano Habimana, alichekesha mpaka watu waliotajwa kuwa adui wakamsikiliza. Redio ya serikali ilihutubia. Hii ilipiga soga. Ilijua Wanyarwanda wanacheka nini, wanaogopa nini, na kumbukumbu gani ya zamani ikiguswa kidonda kinatoka damu. Aprili 1994 ilipofika, sauti ile waliyoizoea ikawa inataja watu na mahali walipojificha.

Desemba 2003 Nahimana alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2007 rufani ikakipunguza kuwa miaka 30. Ninapokuandikia habari zake nataka uone kwamba alichokitumia si ujinga wala uongo mtupu. Alikuwa na elimu ya kweli juu ya watu wake. Kitu kilekile utakachofundishwa kitengoni, namna ya kusema na watu kwa sauti wanayoipenda, ndicho kilichofanya kazi pale. Kwa hiyo siku utakapoambiwa kwamba ujumbe wako "umepokelewa vizuri," uliza umepokelewa ukiwaambia watu wafanye nini kwa nani.

Adui naye anasoma. Wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia walitoa jarida kwa Kiswahili, Gaidi Mtaani, kuanzia mwaka 2012, na waliowaandikia walikuwa wanajua malalamiko ya vijana wa Pwani na wa vitongoji vya Nairobi. Walijua habari za mashamba, habari za kukamatwa ovyo, habari za kitambulisho kinachocheleweshwa. Utapewa kazi ya kujibu maandishi kama hayo, na utashawishika kutafuta maneno makali kuliko yao. Tenga kwanza lililo kweli katika waliyoyasema, ulipeleke kwa kamanda, yeye alipeleke juu. Kijana aliyenyimwa kitambulisho hahitaji bango. Anahitaji kitambulisho.

Na usidhani ujirani unatosha. Novemba 2011, jeshi la Kenya likiwa limeingia Somalia, msemaji wake alitangaza kwenye mtandao kwamba msafara wowote mkubwa wa punda waliobebeshwa mizigo utahesabiwa kuwa ni wa Al-Shabaab. Kule punda ndiye anayebeba maji ya nyumbani na unga wa sokoni. Watu waliposoma walijiuliza kama mwandishi amewahi kuishi na Msomali, ilhali nchi yake ina Wasomali wengi na wangemwambia kwa dakika moja.

Ukipelekwa Kongo mashariki, ambako vijana wetu waliingia mwaka 2013 na kikosi kilichopigana na waasi wa M23, jihadhari na hilohilo. Utasikia Kiswahili Goma na Bukavu, na utajiona umefika kwenu. Kiswahili chao kina mwendo wake na adabu yake, na mtu anayezungumza cha Dar es Salaam atahesabiwa mgeni, pengine bosi. Usiwasahihishe. Wasikilize mpaka nao waanze kukutania. Wanaiamini Radio Okapi, ambayo tangu mwaka 2002 imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za nchi yao, Kiswahili kikiwamo. Walianza kuiamini kwa kuisikia ikitangaza habari ambazo hakuna mkubwa aliyependa zitangazwe. Kama jeshi lenu limekosea kijijini, litangaze ninyi kabla soko halijatangaza. Kamanda atasema unamwaibisha. Mwambie kwa heshima kwamba wanakijiji walishaona.

Ushauri wako uandike, utie tarehe, ubaki na nakala. Maneno ya mdomo husahaulika siku mambo yakiharibika, au hukumbukwa kinyume. Majina ya waliokueleza mambo usiyaweke kwenye taarifa, na kama mkubwa anayataka, mwambie taarifa inasimama bila majina au haisimami. Msiba, sala, jando, unyago, harusi, makaburi: hayo utayajua kwa sababu utaalikwa, na utakayoyaona huko yatumike kuwazuia askari wetu wasiyaguse. Siku utakapoamriwa kuyafanya mtego, kataa. Kataa kwa maandishi, usimame mkakamavu, upokee adhabu itakayokuja. Najua ninachokuambia. Nimevaa gwanda, najua kukataa amri kunagharimu nini, na nimelala nikilipima neno hili kabla ya kuliandika.

Wakalimani wenu ni watu wa nchi ile, na vita vikiisha ninyi mtapanda ndege na wao watabaki. Mliona Kabul Agosti 2021, watu waliosema kwa niaba ya majeshi ya kigeni miaka 20 wakining'inia kwenye uzio wa uwanja wa ndege na makaratasi yao mkononi. Hata kabla hujajifunza salamu ya mahali, uliza kitengoni mkalimani ataondokaje na familia yake ikibidi, na jibu ulitake likiwa limeandikwa.

Limebaki la daftari zangu za Uganda. Zimo kwenye sanduku la bati chumbani kwangu, ufunguo anao mama yako. Zile za jalada la kijani zina methali, salamu, na miiko ya koo za Waganda kama nilivyokuwa nikiisikia kwa watu njiani. Hizo chukua, fundishia wenzako, pigeni nakala mkitaka. Iko moja yenye jalada jekundu. Ndani yake niliandika mambo ya mazishi na ya makaburi ya familia moja ya karibu na Masaka, iliyonilaza na kuniuguza malaria iliponiangusha. Waliniambia wakijua nitaondoka na kuyahifadhi moyoni, na hiyo si mali yangu ya kukurithisha. Usiifungue. Mahali pa nyumba yao nimepaeleza kwenye bahasha iliyobandikwa juu yake, na ndani ya bahasha kuna nauli ya kwenda na kurudi. Yule binti aliyekuwa akiniletea uji sasa ni bibi wa watu, na nimesikia bado yupo. Mkabidhi mkononi, mwambie ni nani aliyekutuma. Akitaka kukusomea, kaa umsikilize. Akiiweka ndani bila kusema neno, shukuru, unywe chai, uage. Nenda kabla hujaripoti kambini, na usivae gwanda.

Ni mimi babu yako,
Bukoba